SOMO LA USALAMA KAZINI: KUYATENGA MABOMBA YA KIBADILISHA JOTO KABLA YA MATENGENEZO

Somo hili linaelekezwa kwa wakuu wa taasisi zenye mitambo ya mvuke, ya barafu na ya umeme, kwa wasimamizi wa zamu na mafundi walio chini yao, na kwa wananchi wanaoishi au wanaopita jirani na mitambo hiyo. Linahusu kazi moja tu, nayo ni namna ya kuyatenga mabomba ya kibadilisha joto ili chombo hicho kifunguliwe na kutengenezwa bila ya mtu yeyote kudhurika. Wasio mafundi nao wanaombwa kulisoma, kwani mbele watakuta jambo linalowahusu.

Kibadilisha joto ni chombo chenye njia mbili zilizotenganishwa kwa ukuta wa chuma. Katika njia moja hupita kitu cha moto na katika ya pili kitu cha baridi. Vitu hivyo havichanganyiki, bali joto huvuka ukuta kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kwa umbo lake la kawaida, chombo hiki ni fungu la mirija myembamba iliyotiwa ndani ya gamba kubwa la mviringo. Watu wa Pemba wamekizoea bila ya kukiita kwa jina hilo. Katika Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, mvuke uliokwisha kuyachukua mafuta ya karafuu hupozwa kwa maji hadi ukawa kioevu, na hapo mafuta hutengwa na maji. Chombo kinachoupoza mvuke huo ni kibadilisha joto. Jenereta la dizeli halifanyi kazi bila ya chombo cha namna hii cha kupozea maji ya injini na mafuta ya kulainishia. Kiwanda cha barafu wanakonunua wavuvi kinacho, na vyumba vya kufulia vya hospitali vinavyopasha maji kwa mvuke vinacho pia.

Baada ya muda mirija hujaa magamba ya chumvi na kutu, au hutoboka. Lazima ifunguliwe ikasafishwe au ikazibwe. Hapo ndipo fundi huambiwa, "funga vali, kisha fungua." Amri hiyo ni fupi mno kwa kazi yenyewe, na ajali ifuatayo inaonesha kwa nini.

AJALI YA HOUSTON, 2008

Tarehe 10 Juni 2008, katika kiwanda cha kutengeneza mpira cha kampuni ya Goodyear kilichopo Houston, Marekani, palikuwa na kazi ndogo ya matengenezo. Kibadilisha joto kimoja kilikuwa na amonia ndani ya gamba lake, ikitumika kupoza kemikali zinazopita katika mirija. Gamba hilo lilikuwa na vali ya usalama, na chini ya vali hiyo palikuwa na kisahani chembamba cha chuma, kilichowekwa makusudi kipasuke shinikizo linapozidi. Kisahani kilikuwa kimepasuka na kilihitaji kubadilishwa. Ili kukibadilisha, ilifungwa vali iliyo kati ya gamba na ile vali ya usalama. Kisahani kipya kiliwekwa siku ile ile, lakini vali iliyofungwa haikufunguliwa.

Asubuhi ya tarehe 11, mwendeshaji wa mtambo alifunga vali ya pili, iliyokuwa ikiliunganisha gamba na kidhibiti cha shinikizo la amonia. Kisha akaunganisha mvuke katika bomba la upande wa pili ili kulisafisha. Tukitazama kila tendo peke yake, hatuoni la ajabu, kwani mabomba husafishwa kwa mvuke kila siku duniani. Lakini ndani ya gamba ilibaki amonia ya kioevu, na mvuke uliopita katika mirija uliipasha moto. Amonia hiyo haikuwa na pa kutokea, kwa kuwa njia ya kidhibiti ilikuwa imefungwa asubuhi ile na njia ya usalama ilikuwa imefungwa tangu jana yake. Kiasi cha saa 1:30 asubuhi gamba likapasuka kwa kishindo.

Aliyefariki ni mfanyakazi mmoja, mwanamke aliyekuwa akipita karibu na mtambo huo. Wengine kadhaa walidhurika kwa amonia. Baya zaidi ni kwamba kutokuwapo kwake hakukugundulika. Mtambo wa kompyuta wa kuhesabu wafanyakazi ulikuwa na hitilafu, wasimamizi wakaandika majina kwa mkono, na kwa kuwa marehemu alikuwa mmoja wa kikosi cha dharura, wenziwe hawakushituka kutomwona penye mkusanyiko. Kiwanda kilikwisha kutangaza kuwa hali ni salama. Mwili wake ulionekana baada ya saa saba mchana, chini ya kifusi, na aliyeuona ni mfanyakazi aliyekuwa akikagua uharibifu.

Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali iliichunguza ajali hii na kutoa ripoti yake mwaka 2011. Miongoni mwa iliyoyaona ni kwamba habari za vali iliyofungwa hazikupita sawasawa baina ya mafundi waliotengeneza na waendeshaji waliopokea mtambo.

Miaka mitano baada ya Houston, tarehe 13 Juni 2013, jambo linalofanana na hilo lilitokea katika kiwanda cha kampuni ya Williams kilichopo Geismar, jimbo la Louisiana. Kibadilisha joto cha akiba, kilichokuwa kimewekwa kando kwa muda wa miezi 16, kilikuwa na kioevu ndani yake na kilikuwa kimetengwa na vali yake ya usalama. Maji ya moto yalipofunguliwa upande wa pili, chombo kilipasuka na moto ukawaka. Watu 2 walifariki na 167 waliripotiwa kuumia. Hapo hapakuwa hata na fundi aliyeshika spana. Chombo kilikuwa kimepumzishwa tu.

KIOEVU KILICHOFUNGIWA

Fundi aliyezoea mabomba ya maji ya nyumbani huona kwamba vali ikifungwa, bomba limenyamaza. Kwa kibadilisha joto sivyo, kwa sababu upande wa pili unaendelea kuleta joto. Amonia huchemka katika nyuzi 33 chini ya sifuri. Ikifungiwa ndani ya chombo chenye joto la nyuzi 20, shinikizo lake hufika kiasi cha baa 8.6, na katika nyuzi 50 hupita baa 20. Maji ya kawaida nayo si mpole. Yakifungiwa na kupashwa hadi nyuzi 150, mvuke wake huwa na shinikizo linalokaribia baa 5, na katika nyuzi 180 hufika baa 10. Ikiwa chombo kimejaa maji pomoni, bila ya nafasi yoyote ya hewa, shinikizo huweza kupanda kwa baa kadhaa kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, kwani maji hutanuka na chuma hakitoi nafasi ya kutosha.

Kwa sababu hiyo, njia ya vali ya usalama haifungwi maadamu chombo kina kioevu ndani yake na joto linaweza kukifikia. Ikiwa vali ya usalama yenyewe ndiyo inayotengenezwa, chombo kizima kisimamishwe, kimwagwe na kiachwe wazi kwenye hewa kwanza. Mkuu wa zamu asikubali hoja kwamba kazi ni ya nusu saa tu.

Sababu nyingine ya kuutazama upande wa pili ni tundu la mrija. Mara nyingi chombo hufunguliwa kwa kuwa kinashukiwa kuvuja ndani kwa ndani. Fundi akitenga upande wa maji na kuuacha upande wa mvuke ukiwa hai, mvuke utamfuata kupitia tundu lile lile alilokuja kulitafuta. Kwa hiyo chombo hiki hutengwa pande zote mbili, hata kama kazi iko upande mmoja.

NAMNA YA KUTENGA

Kazi huanza kwa karatasi na miguu. Mchoro wa mabomba uchukuliwe, kisha msimamizi na fundi waufuate kwa miguu bomba baada ya bomba, wakitia alama kila linaloingia na kila linalotoka. Mitambo yetu mingi ina umri, na mabomba yameongezwa mwaka hadi mwaka bila ya mchoro kusahihishwa. Hapo hupatikana bomba dogo la kuchukulia sampuli, bomba la pembeni lililowekwa ili mtambo usisimame wakati wa matengenezo, au bomba la kemikali za kusafishia ambalo hakuna aliyelikumbuka. Vali ya kuzuia kurudi nyuma isihesabiwe kuwa ni kizuizi, kwa kuwa punje moja ya kutu inatosha kuiacha wazi kidogo.

Upande wa moto hufungwa kwanza, na upande wa baridi huachwa uendelee kupita mpaka chombo kipoe. Kisha nao hufungwa, na mara tu baada ya kufungwa koki ya hewa iliyo juu na ya kumwagia iliyo chini zifunguliwe. Koki ya hewa isisahauliwe, hasa upande wa mvuke. Mvuke unapopoa ndani ya chombo kilichofungwa huwa maji machache mno, ndani hubaki utupu, na utupu huo huweza kuvuta maji kutoka mabomba ya jirani au kukibonyeza chombo chembamba.

Vali moja haitoshi. Vali huchakaa kikalio chake, na iliyokaa miaka mingi bila ya kusogezwa huweza kuonekana imefunga kumbe imekwama. Penye vali mbili zinazofuatana, zifungwe zote na koki iliyo baina yao iachwe wazi. Vali ya kwanza ikivuja, kinachovuja kitatoka hapo kikaonekana, wala hakitamfikia fundi. Penye vali moja tu, au penye amonia, mvuke wa shinikizo kubwa au mtu anayeingia mwili wake ndani ya chombo, bomba litenganishwe kabisa au litiwe bamba la chuma baina ya flanji mbili. Bamba hilo liwe la unene unaostahili shinikizo la bomba, na liwe na mkia unaotokeza nje ili lionekane. Inasemwa hapa wazi kwa kuwa uhaba wa vifaa unafahamika: kipande cha bati la kuezekea si bamba. Kwa upande wa kufuli hali ni nyepesi, kwani mnyororo na kufuli za dukani zinatosha kulishika gurudumu la vali, na vali ya mkono huweza kuvuliwa mkono wake ukawekwa pamoja na funguo.

Pampu na vali zinazoendeshwa kwa umeme zikatwe umeme na swichi zake zifungwe kwa kufuli vile vile. Kila anayefanya kazi atie kufuli yake mwenyewe, yenye ufunguo mmoja anaokaa nao. Kadi iandikwe jina lake, tarehe na kazi anayoifanya. Utaratibu wa bwana mkubwa kukaa na funguo za akiba mezani mwake unaivunja maana yote ya kufuli, na inafaa uachwe hata pale unapotajwa kuwa ni wa tahadhari. Mafundi wa wakandarasi wanaingia katika utaratibu huu sawa na watumishi wa Serikali.

KABLA YA SPANA YA MWANZO

Geji inayosoma sifuri si ushahidi wa kutosha. Chukua chombo chenye mfuniko wa kipenyo cha sentimita 50. Shinikizo la baa moja tu nyuma ya mfuniko huo huusukuma kwa nguvu inayokaribia tani mbili. Geji iliyotengenezwa kusoma hadi baa 25 haioneshi kwa uhakika sehemu ya tano ya baa moja, kwani mshale hukaa penye sifuri au unene wa unywele juu yake. Hata hivyo, sehemu hiyo ya tano bado ni nguvu ya kilo 400 juu ya mfuniko, nayo inatosha kumuua mtu. Ushahidi ni koki ya hewa iliyo wazi ambayo haitoi kitu, na koki ya chini iliyomwaga hadi ikakauka. Koki ya chini isiyotoa kitu tangu mwanzo itiliwe shaka kuwa imeziba kwa matope, nayo izibuliwe kwa uangalifu, fundi akiwa amekaa upande.

Fundi anapoanza kulegeza flanji asisimame mbele yake. Alegeze nati zilizo upande wa mbali naye kwanza, kidogo kidogo, bila ya kuzitoa, kisha apenyeze kabari ili gasketi iachie upande ule. Kilichobaki ndani, kama kipo, kitatoka kikielekea mbali naye huku nati zilizosalia zikiwa bado zimekishika chombo. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache, na ndani ya gamba lililofungwa maji huchukua muda mrefu kupoa kuliko mtu anavyokisia akiligusa kwa nje.

KWA WANANCHI WALIO JIRANI

Amonia hutambulika kwa harufu yake kali inayochoma macho na koo. Anayeisikia karibu na kiwanda cha barafu au chumba cha baridi asiende kutazama. Aondoke kwa kuukata upepo ubavuni mpaka atoke katika njia ya hewa hiyo, kisha akae upande unakotoka upepo. Aliyeingiwa machoni aoshwe kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15 huku akipelekwa hospitali.

Kwa visiwa vyetu jambo la upepo ni rahisi kulipanga kuliko penginepo. Wakati wa kusi hewa huelekea kaskazini, na wakati wa kaskazi huelekea kusini. Kiwanda chenye amonia kiwe na vituo viwili vya kukusanyikia, kimoja kwa kila msimu, na skuli na nyumba za jirani zijulishwe. Daftari la waliomo kiwandani liwekwe mlangoni, wala si ndani ya ofisi iliyo katikati ya mitambo, na lijumuishe wageni, wakandarasi na watu wa kikosi cha dharura wenyewe. Hesabu isifungwe kwa kauli ya "fulani nimemwona". Afungiwe hesabu yule tu aliyesimama kituoni akaitika.

KUURUDISHA MTAMBO

Sehemu hii ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa kuwa kazi huonekana imekwisha na watu wanataka kurudi nyumbani. Kabla ya kuanza, mabamba yote yaliyotiwa yawe yameandikwa kwa idadi na mahali. Wakati wa kurudisha yahesabiwe yakitoka, na hesabu ilingane. Kila mtu aondoe kufuli yake mwenyewe. Ikiwa mwenye kufuli hayupo, atafutwe, na kufuli isikatwe mpaka ithibitike kwa ushahidi kwamba hayumo ndani ya mtambo na mkuu wa kazi ametia saini.

Njia ya vali ya usalama ifunguliwe ikiwa ya kwanza kabisa, kabla ya kioevu chochote kuingia. Vali zilizo katika njia hiyo zifungiwe kufuli zikiwa wazi, na fundi na mwendeshaji wote wawili wazitazame kwa macho yao. Ndipo upande wa baridi ujazwe polepole, hewa ikitolewa juu, na flanji zikaguliwe kama zinavuja. Upande wa moto ufunguliwe mwisho, kidogo kidogo, ili mirija isitanuke kwa ghafla ikalegea katika vikalio vyake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005 ya Zanzibar inampa mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, na katika kazi hii wajibu huo hushikika kwa karatasi moja: hati ya ruhusa ya kazi. Hati iorodheshe kila vali iliyofungwa, kila bamba na kila kufuli, na vali ya usalama iwe na mstari wake peke yake juu ya orodha. Ikiwa zamu inabadilika kazi haijamalizika, anayetoka na anayeingia waende pamoja hadi kwenye mtambo, wagusane na kila vali iliyoorodheshwa, kisha watie saini hapo hapo. Zamu inayopokea mtambo uliotengenezwa nayo itie saini kwamba imeiona kila vali katika hali inayotakiwa. Hati hiyo ibaki chumba cha mitambo, mahali ambapo mwendeshaji wa asubuhi ataisoma kabla ya kuunganisha mvuke.